Msumeno Unaponaswa: Somo la Kuunga Mbao Zenye Unyevu



Muhula uliopita wanafunzi watatu wa Kidato cha Pili waliniletea msumeno wa karakana ukiwa umepinda katikati. Walikuwa wakikata ndimi za miguu ya dawati. Mkubwa wao akasema, “Mwalimu, msumeno huu ni mbovu, kila tukikata unanaswa.” Niliutazama msumeno, kisha nikautazama ubao. Ubao ulikuwa umetoka kwa muuzaji asubuhi ile, nao ulikuwa mzito na baridi kama mtungi wa maji. Sikuwakaripia, maana nilipokuwa na umri kama wao nilifanya kosa kubwa kuliko lao. Nimeona yafaa nilieleze kosa hilo hapa, pamoja na mambo niliyojifunza baadaye, ili mwanafunzi apate faida, na mzazi anayeagiza mlango kwa fundi naye ajue la kuuliza.

KISA CHA MLANGO

Useremala nilifundishwa na mjomba wangu hapa hapa Chikongola. Huku kwetu Mtwara tuna msimu mmoja wa mvua, ambao kwa kawaida huanza Novemba au Desemba na kwisha Aprili au Mei. Korosho nazo huuzwa kuanzia mwezi wa Oktoba. Mtu akishapata fedha za korosho ndipo huenda kwa seremala kuagiza kitanda, meza au mlango. Basi kazi huja kwa wingi wakati ule ule ambao mbao zimelowa. Seremala wa kusini asiyejua tabia ya mbao mbichi huharibu kazi katika miezi ambayo angejipatia riziki.

Januari moja jirani yetu, mama mjane, alileta fedha zake za korosho akaagiza mlango wa chumba. Mbao zikanunuliwa, nazo zilikuwa mbichi kabisa. Siku ya pili mjomba akaitwa msibani Newala. Kabla ya kuondoka aliniambia, “Mpwa wangu, zipange mbao hizi juu ya fito, usiziguse mpaka nirudi.” Nikajibu, “Nimesikia, mjomba.” Lakini moyoni nilisema kuwa nitamfurahisha: atarudi akute mlango umekwisha.

Nilipoanza kukata ulimi wa kwanza, msumeno uliingia kidogo tu ukanaswa. Nikausukuma kwa nguvu, ukapinda. Nikauchomoa, nikaunyosha, nikaanza tena, ukanaswa tena. Hapo nikapata wazo ambalo nililiona la akili sana. Nikaingia jikoni kwa mke wa mjomba, nikachukua mafuta ya nazi, nikaupaka msumeno pande zote mbili, na mafuta mengine nikayamimina katika njia ya msumeno. Kweli, msumeno ukateleza kama mtumbwi majini. Nikakata ndimi zote, nikachimba matundu yote, nikatia gundi na kukaza kwa kabari. Mjomba aliporudi baada ya siku nne, mlango ulikuwa umekwisha pachikwa.

Alikwenda kuutazama. Aliugonga kwa kidole, akasikiliza, kisha akaniuliza, “Mbao hizi zilikauka lini?” Sikuwa na jibu. Akasema tu, “Haya, tungoje kiangazi.”

Kiangazi kilipofika, mwezi wa Julai, yule mama alikuja nyumbani. Ndimi zilikuwa zimesinyaa zikawa zinacheza katika matundu. Gundi ilikuwa haikushika, kwa kuwa mbao zilikuwa mbichi na juu yake nilizipaka mafuta. Mlango ulikuwa umelala upande, na mkono wa mtu mzima uliweza kupita kati yake na fremu. Aliamkiana na mjomba vizuri, kisha akasema, “Fundi, mimi nilinunua mlango, lakini kila usiku naufunga kwa kamba kama zizi la mbuzi.”

Mjomba hakumtoza hata senti. Alichukua mbao kavu za mkongo alizokuwa amejiwekea kwa kitanda chake mwenyewe, akaufanya mlango upya. Mimi nilipewa kazi ya kushika mwisho wa ubao na kutazama. Tangu siku ile nimeelewa kwamba nilikuwa nimeuondolea msumeno shida yake, nikauacha ubao na shida ile ile. Chombo kinaponaswa kinakupa habari za ubao. Ni lazima uzisikie habari hizo kabla ya kutafuta cha kukitelezesha.

KWA NINI CHOMBO HUNASWA

Mti umejengwa kwa seli, yaani vijumba vidogo sana, vingi vyake virefu na vyembamba, ambavyo ndivyo nyuzi tunazoziona. Mti mbichi una maji ya namna mbili. Maji ya kwanza yamo katika uwazi ulio ndani ya seli, na maji ya pili yameshikwa katika kuta za seli zenyewe. Ubao unapokauka, maji ya kwanza ndiyo hutoka mbele. Hapo ubao hupungua uzito, lakini hausinyai. Unyevu ukishuka mpaka karibu asilimia 28 au 30 ya uzito wa ubao mkavu, maji ya kwanza huwa yamekwisha, na maji ya kuta huanza kutoka. Hapo ndipo ubao huanza kusinyaa.

Sasa tazameni sababu za chombo kunaswa.

Kwanza, nyuzi zilizolowa ni laini na hupindika. Jino la msumeno likipita, baadhi yake hazikatiki vizuri, bali huinama, na jino likishapita hurudi na kuugusa msumeno ubavuni.

Pili, unga wa mbao mbichi hauanguki kama unga mkavu. Hushikamana kama unga wa ugali uliotiwa maji, ukajaa kati ya meno na katika njia ya msumeno.

Tatu, ndani ya mti mna mivutano iliyopatikana wakati mti ukikua, na mingine hutokea wakati upande mmoja wa ubao unapokauka kabla ya mwingine. Ukipasua ubao, mivutano hiyo hulegea, na mara nyingine pande mbili hukutana na kuubana msumeno.

Nne, utomvu huganda juu ya chuma, na maji huleta kutu. Kwetu sisi wa pwani hewa ya bahari ina chumvi, na chumvi huharakisha kutu. Chuma chenye kutu hakitelezi vizuri.

JARIBIO LA MIZANI

Fundi mzoefu huujua ubao mbichi kwa uzito wake, kwa ubaridi wake ukiuweka shavuni, na kwa mlio wake ukiugonga: mkavu hulia, mbichi hutoa sauti nzito. Lakini mwanafunzi afadhali ajifunze kupima kwa mizani.

Kata kipande kidogo kutoka sehemu ya ndani ya ubao, si mwishoni, kwa sababu miisho hukauka mapema ikakudanganya. Kipime uzito mara moja. Kisha kikaushe katika tanuri la maabara lenye joto la nyuzi 103 hivi, ukikipima mara kwa mara, mpaka uzito usipungue tena. Toa uzito mkavu katika uzito wa kwanza, gawanya kwa uzito mkavu, zidisha kwa 100. Kwa mfano, kipande kilikuwa na gramu 600, kikakauka na kubaki gramu 400. Maji yalikuwa gramu 200. Mia mbili kwa mia nne ni nusu, basi unyevu ulikuwa asilimia 50. Ubao kama huo haujaanza hata kusinyaa.

Asiye na tanuri achague ubao mmoja katika rundo lake, aupime kila juma na kuandika uzito wake. Ukiona juma hata juma uzito haubadiliki, ubao umepatana na hewa ya mahali pale. Fahamuni kuwa ubao haukauki kabisa kabisa hewani. Hewa ikiwa na unyevu wa asilimia 65, ubao hutulia karibu na asilimia 12. Hewa ikifika asilimia 80, kama ilivyo mara nyingi hapa pwani, ubao hutulia karibu na asilimia 16.

DAWA KWA KILA CHOMBO

Ziko siku ambazo fundi hana budi kukata ubao wenye unyevu. Basi na afanye hivi.

Msumeno. Meno ya msumeno hupindwa kidogo, moja kulia na la pili kushoto, ili njia yake iwe pana kuliko bati lake. Bati likiwa na unene wa milimita 1, katika mbao kavu njia ya milimita 1.3 hivi hutosha. Katika mbao mbichi ipanuliwe ifike karibu milimita 1.5. Pinda ncha ya jino tu, usipinde shina lake, maana litavunjika. Baada ya kupinda, noa kwa tupa. Tena chagua msumeno wenye meno makubwa, 6 mpaka 8 katika inchi moja, ili unga uliolowa upate nafasi. Ule wenye meno madogo 12 au 14 uuweke kwa ajili ya mbao kavu.

Kabla ya kukata, sugua mshumaa mkavu au nta ya nyuki kidogo kwenye ubavu wa msumeno. Njia ikianza kufunga, chomeka kabari nyembamba ya mti nyuma ya msumeno. Sehemu itakayoanguka ishikwe na mwenzako, maana ikining'inia huweza kuvuta ubao na kuifunga njia. Kila baada ya muda uchomoe msumeno, uyapige mswaki meno yake. Utomvu ulioganda uufute kwa kitambaa chenye mafuta ya taa, mbali na moto. Ukinaswa kabisa, usiuvute kwa hasira: fungua njia kwa kabari, kisha uutoe kwa kuunyosha sawasawa na mstari.

Patasi. Katika mbao mbichi patasi huingia upesi, na hapo ndipo ilipo hatari, kwa maana ukipiga pigo moja zito huzama na nyuzi huibana pande zote. Toboa kwanza matundu madogo kwa keekee ili kupunguza kazi. Anza ndani ya mstari, uache milimita 2 au 3 kila mwisho, ukate vipande vyembamba na kuvitoa kila mara. Ikinaswa, itikise polepole kwa kufuata urefu wa tundu. Ukiipinda kwa nguvu ncha itabaki ndani. Zaidi ya yote, patasi iwe kali. Patasi butu hata katika mbao kavu hupondaponda nyuzi. Katika mbao mbichi huzilaza tu.

Keekee. Zungusha mara chache, kisha rudisha nyuma, uvute na kutoa takataka. Anayezungusha mfululizo hujaza tundu kwa maranda yaliyolowa, na keekee haiendi mbele wala hairudi nyuma.

Randa. Sugua mshumaa kidogo kwenye uso wake wa chini, na kisu kitoke kidogo sana. Maranda yaliyolowa huziba mdomo wa randa, basi yatoe kwa kijiti, usitumie kidole.

Kazi ikiisha, vikaushe vyombo vyote na kuvipaka mafuta mepesi kabla ya kuviweka. Usiviache usiku kucha juu ya ubao uliolowa. Miti mingi ina tanini, ile dawa iliyomo katika magome ya mikoko ambayo hutumiwa kutengenezea ngozi, na tanini ikikutana na chuma na maji hutia waa jeusi ambalo ni vigumu kuliondoa.

ONYO JUU YA MAFUTA

Hapa nawaomba mnisikilize vizuri, maana ndipo nilipoanguka. Nta na mafuta ni adui wa gundi. Mshumaa usuguliwe kwenye chuma, tena kidogo, na chuma kifutwe kwa kitambaa kabla ya kukata. Usimimine mafuta katika njia ya msumeno, na usipake kitu chochote juu ya ulimi au ndani ya tundu litakalotiwa gundi. Mahali pa maungio pakigusana na mafuta, pakwanguliwe mpaka mti safi uonekane.

KATA MARA MBILI

Hata ukitimiza hayo yote, bado ubao utasinyaa. Nao hausinyai sawa kila upande. Kwa urefu husinyaa kidogo mno, hata fundi hahesabu. Kwa upana hupungua sana, na ubao uliopasuliwa kwa kufuata duara za mti husinyaa karibu mara mbili ya ule uliopasuliwa kuelekea kiini. Chukueni mfano wa mti ambao, ukikauka kabisa kutoka asilimia 30, husinyaa asilimia 6. Ukikauka mpaka asilimia 15, ambayo ni nusu ya safari, utasinyaa asilimia 3. Ulimi wenye upana wa milimita 100 utapoteza milimita 3. Tundu lililochimbwa sawasawa na ulimi huo litakuwa na mwanya ambao gundi haiwezi kuuziba.

Kwa hiyo mjomba alinifundisha kukata mara mbili. Mara ya kwanza, ubao ukiwa mbichi, pasua vipande kwa kipimo kikubwa kuliko unachotaka, usichimbe tundu wala usimalize ulimi. Vipange mahali penye kivuli na upepo, juu ya ardhi, ukiweka kati yao fito zenye unene mmoja, fito ya juu ikielekeana na ya chini. Miisho ya mbao ipakwe rangi au nta, kwa sababu maji hutoka upesi zaidi hapo na kuzipasua. Kanuni ya kale ya Waingereza ni kungoja mwaka mmoja kwa kila inchi ya unene. Kwetu penye joto mara nyingi ubao hukauka mapema zaidi, na vipande vidogo hukauka kabla ya vikubwa. Mizani ndiyo itakayokuambia. Mara ya pili, ubao ukiwa umetulia, ndipo ukate maungio kwa kipimo cha kweli. Utaona msumeno hunaswi tena.

Iko pia njia ya zamani ya watengenezaji wa viti. Wao hukausha vizuri vijiti vya kuunganisha miguu, lakini miguu huiachia unyevu kidogo. Ulimi mkavu ukiingia katika tundu la mguu wenye unyevu, mguu unapokauka husinyaa na kuushika ulimi kwa nguvu. Ukifanya kinyume chake, kiti kitalegea.

MAFUNDI WA MASHUA

Mtu ataniuliza, “Mbona mafundi wa pwani huchonga mitumbwi kwa miembe mibichi?” Ni kweli. Mtumbwi huchongwa kwa tezo, na tezo hukata ikitoka, haizami katika njia inayoweza kuifunga. Tena mti mbichi ni laini zaidi kuchonga. Mashua nayo, mbao zake zikilowa baharini huvimba na kubanana, na pamba ya kalafati hukazwa kati yake. Mashua ikikaa juani ufukweni siku nyingi mno, mbao husinyaa na nafasi hufunguka. Basi mbao za chombo cha baharini huelekea majini, na mlango wa nyumba huelekea kiangazi. Fundi mwerevu huuliza kwanza ubao wake unaelekea wapi.

KWA WAZAZI

Ninyi wazazi, mnapompelekea fundi fedha za korosho, muulizeni: mbao hizi zilipasuliwa lini, na zilipangwa wapi? Fundi mwema hatakasirika. Mwenye uwezo anunue mbao msimu huu, azipange nyumbani juu ya fito, na aagize mlango msimu ujao.

Ule msumeno uliopinda tumeunyosha. Mbao za madawati tumezipanga nyuma ya karakana, na wale wanafunzi watatu huzipima kila Ijumaa na kuandika uzito katika daftari. Siku tarakimu zitakapotulia, watakata ndimi zao.

MASWALI

1. Kipande cha ubao kina gramu 520 kikiwa kibichi, na gramu 400 kikikauka kabisa. Unyevu wake ni asilimia ngapi? Je, kimekwisha anza kusinyaa?
2. Taja sababu nne za msumeno kunaswa katika ubao mbichi, na dawa ya kila moja.
3. Kwa nini mshumaa hupakwa kwenye chuma na haupakwi kwenye ulimi?
4. Katika kiti, ni kipi kiwe kikavu zaidi, kijiti au mguu? Eleza sababu.
5. Nenda nyumbani ukautazame mlango mmoja wenye maungio yaliyolegea. Andika mistari kumi kueleza unavyodhani ulitengenezwa katika mwezi gani, na kwa nini unadhani hivyo.